Kukagua mpango wa programu kabla haujajengwa: njia saba na kila moja inachokamata

Kila timu ina njia yake ya kukagua mpango na inaitetea. Ili tofauti zionekane, tuupitishe mpango mmoja kwenye njia zote. Ni mpango wa programu ya simu ya kukata tiketi za mabasi ya mikoani, yale yanayotoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Sehemu inayomhusu abiria ina sentensi nne tu:

"Abiria anatafuta safari kwa tarehe na mji anaokwenda. Anachagua basi na siti. Analipa kwa simu. Anapokea tiketi yenye msimbo wa QR unaokaguliwa wakati wa kupanda."

Hakuna sentensi ya kupinga hapo. Bosi anasaini, developa anaanza kazi. Akifika kwenye malipo ndipo swali linamjia: abiria akishachagua siti namba 14, tunamshikilia kwa muda gani? Mpango hausemi. Anaandika dakika 5 kwa sababu ndiyo namba iliyomjia kichwani, kisha anaendelea. Uamuzi wa usanifu umepita hapo bila msanifu kujua, bila mtu wa biashara kuulizwa, na bila karani wa tiketi ambaye angewaeleza jinsi siti za kwenda Moshi zinavyogombewa mwezi wa Desemba.

Kosa lililoandikwa unaliwekea kalamu nyekundu. Uamuzi uliokosekana hauna pa kuwekea kalamu, na msomaji makini ndiye anayeukosa kirahisi zaidi, kwa kuwa akili yake inajaza pengo bila kumtaarifu. Kwa hiyo kigezo cha kuchagua njia ni kimoja: je, njia hii inasoma kilichoandikwa, au inakuja na kitu chake kutoka nje na kuulazimisha mpango ujibu? Za kundi la kwanza hukamata makosa. Za kundi la pili hukamata mapengo.

Makadirio yaliyo hapa chini ni ya mpango wa skrini 8 hadi 12.

| Njia | Watu na muda | Inakamata | Inakosa |
|---|---|---|---|
| Jedwali la hali | 1–2, saa 2 hadi 3 | Malipo, mtandao, makosa | Skrini ambayo haikufikiriwa kabisa |
| Kumfuata mtumiaji | 3, saa 1 hadi 1½ kwa kila kazi | Hatua na watu waliosahauliwa | Njia ambazo hamkuzipita |
| Kanuni kumi za Nielsen | 3–5, saa 1 hadi 2 kila mmoja | Kasoro za kitu kilichochorwa | Kisichokuwepo |
| Alama 0–10 | 2, saa 1 | Tofauti ya maoni, ripoti kwa bosi | Karibu kila kilicho kipya |
| "Mradi umekufa" | 5–8, dakika 45 | Uendeshaji, mawakala, siasa | Undani wa skrini |
| Akili mnemba | 1, nusu saa na uchambuzi | Maswali mengi kwa haraka | Mazingira ya hapa |
| Karatasi na abiria | 2, siku 1 hadi 2 | Maneno, imani, mazoea | Hali adimu |

Jedwali la hali

Hii ndiyo ya kuanzia, na kama muda unatosha njia moja tu, iwe hii. Kila skrini na kila meseji inayotoka kwenye programu inapata mstari wake. Safu ni saba: tupu, inapakia, imefaulu, imefaulu nusu, imeshindikana, mtandao umekatika katikati, mtumiaji amerudi baadaye. Kwenye kila kisanduku unaandika maneno yenyewe atakayoyaona abiria, kwa Kiswahili, pamoja na kitufe kilicho mbele yake. "Onyesha ujumbe wa hitilafu" hairuhusiwi. Ukiiruhusu, jedwali litajaa na hakuna litakalokuwa limeamuliwa.

Chukua mstari wa malipo.

*Inapakia.* Abiria amebofya Lipa, ombi la namba ya siri liko njiani. Mpaka wa muda unaotumika kwenye usanifu ni sekunde 10. Zikipita 10 mtu anahamisha mawazo. Hapa zitapita karibu kila mara, maana abiria anasubiri dirisha lifunguke, anasoma, anaandika namba. Duara linalozunguka peke yake halitoshi. Aone kitu kama: "Angalia simu yako. Weka namba ya siri kulipa TSh 45,000. Siti 14 tumekushikia hadi saa 4:10 asubuhi."

*Imeshindikana.* Salio halitoshi, namba ya siri imekosewa, ombi limeisha muda, abiria ameghairi mwenyewe. Sababu nne, na kila moja ina hatua yake inayofuata. Mwenye salio dogo anataka muda wa kwenda kwa wakala kuweka pesa, kwa hiyo siti ikae. Aliyeghairi anataka kurudi kuchagua basi lingine. Mpango unaowapa wote "Muamala umeshindikana, jaribu tena" unampeleka mwenye salio dogo kubofya mara tatu bure.

*Imefaulu nusu.* Pesa imekatwa, meseji ya mtandao wa simu imeingia, programu yenu haijapata uthibitisho. Hiki ndicho kisanduku ghali kuliko vyote, na kwenye mipango mingi ndicho kitupu. Amueni: siti inabaki imeshikiliwa au inaachiwa? Kitufe cha Lipa kinafichwa ili asilipe mara mbili? Namba ya kumbukumbu inaonekana wapi? Uthibitisho ukija baada ya siti kuuzwa, abiria anapewa siti nyingine au anarudishiwa pesa, na nani anaamua? Abiria anampigia nani? Mpango usiojibu haya utajibiwa na dawati la huduma kwa wateja, kila siku, kwa majibu tofauti.

*Amerudi baadaye.* Simu ilizima chaji, au alifunga programu. Akifungua tena anaona ukurasa wa mwanzo, au anaona "Una malipo yanayosubiri"? Kama malipo yenu yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mtu anaipata leo na kuilipia kesho, safu hii ndiyo inabeba mzigo wote na safu ya "inapakia" inakuwa nyepesi.

Kwenye mstari huohuo linajitokeza suala la laini mbili. Abiria amejisajili kwa namba ya Airtel, pesa iko M-Pesa. Je, ombi la malipo linakwenda kwenye namba ya usajili au anaulizwa? Sehemu ya kuandika namba nyingine ni kazi ya nusu saa kama imeamuliwa mapema.

Kinachoharibika kwenye njia hii ni uchovu. Skrini 10 mara safu 7 ni visanduku 70, na ukifika mstari wa nne unaanza kunakili sentensi za mstari wa kwanza. Anza na mistari inayogusa pesa, utambulisho na muda. Kwa mingine andika "haihusiki" pale inapostahili, na sababu yake ya maneno matano. Udhaifu wa asili haukwepeki: jedwali linahoji skrini zilizopo tu. Kubadilisha tarehe ya safari hakumo kwenye sentensi zetu nne, kwa hiyo hakutapata mstari.

Kumfuata mtumiaji hatua kwa hatua

Njia hii iliandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Clayton Lewis, Peter Polson, Cathleen Wharton na John Rieman. Unachagua mtumiaji mmoja, kazi moja, na mfuatano sahihi wa matendo. Kwa kila tendo mnauliza maswali manne: atajua kwamba hiki ndicho cha kufanya sasa? Ataona kwamba kinawezekana hapa? Ataunganisha anachokiona na anachokitaka? Akishafanya, atajua kwamba amesogea? Watu watatu wanatosha: mmoja anasoma tendo, mmoja anajibu, mmoja anaandika.

Nguvu yote iko kwenye kumchagua mtumiaji. Ukimchukua kijana mwenye simu nzuri anayejikatia tiketi yake mwenyewe, mpango utapita bila jasho. Mchukue aliye Kariakoo anayemkatia mama yake tiketi ya kutoka Dodoma kuja Dar es Salaam, na mama ana kitochi.

Tendo la kwanza, kutafuta safari. Mpango unasema "mji anaokwenda". Anakotoka hakukuandikwa, kwa kuwa mwandishi alikuwa Dar na alidhani kila safari inaanzia Mbezi. Pengo la kwanza, kabla hata ya dakika tano.

Tendo la pili, kuchagua basi. Linaondoka saa 12 asubuhi. Kwenye hifadhidata imeandikwa 06:00. Skrini inaonyesha nini? Ukionyesha "06:00" kuna atakayesoma saa sita. Ukionyesha "12:00" bila neno asubuhi, mwingine atafika mchana. Safari za usiku ni mbaya zaidi: basi la saa 6 usiku kalenda ya simu inaliweka Jumamosi, wakati abiria mwenyewe anaiita safari ya Ijumaa usiku. Uamuzi ulio salama ni kuandika zote mbili, "saa 12:00 asubuhi (06:00)", na kwa safari zinazovuka usiku wa manane kuandika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi". Na uamuzi huo uwe mmoja kwenye skrini, kwenye meseji na kwenye tiketi. Mara nyingi skrini inarekebishwa, meseji inabaki na saa za kompyuta.

Tendo la tatu, jina na namba ya simu. Ni la nani, mlipaji au msafiri? Fomu yenye sehemu moja ya namba itapeleka tiketi Kariakoo wakati mama yuko Dodoma. Basi likichelewa au likibadilishwa, anayetaarifiwa siye aliye stendi.

Tendo la nne, kupanda. Kitochi hakionyeshi msimbo wa QR. Inabidi kuwe na namba fupi kwenye meseji, yenye tarakimu ambazo mama anaweza kumsomea kondakta. Hapo linatoka pengo kubwa kuliko yote: kondakta naye anatumia simu, anaandika namba mahali fulani, anaona "Ameshapanda" au "Tiketi ya jana". Skrini yake haimo popote kwenye mpango. Mtumiaji mzima alisahauliwa, na jedwali la hali lisingemwona.

Kinachoharibika: anayejibu ni yule anayeijua programu, kwa hiyo maswali yote yanapata "ndiyo". Sharti liwe "ndiyo, kwa sababu..." na anyooshe kidole kwenye sentensi au mchoro. Asipopata pa kunyooshea, mwandishi anaandika "haijaamuliwa" na mnasonga mbele. Msikae kulitatua hapohapo; kikao cha ukaguzi kikigeuka kikao cha usanifu, mtamaliza matendo mawili na chai itakuwa imekwisha.

Kanuni kumi za Nielsen

Hapa mnakagua skrini kwa kuzilinganisha na orodha ya kanuni za urahisi wa kutumia. Jakob Nielsen na Rolf Molich waliileta njia hii mwaka 1990, na orodha ya kanuni kumi inayotumika leo ni ya Nielsen ya 1994. Wakaguzi 3 hadi 5 wanapitia kila mmoja peke yake, kisha wanaunganisha walichopata, kwa sababu mmoja peke yake hukamata takriban theluthi tu ya matatizo.

Ni njia nzuri, ila watu wanaitumia mapema mno. Nielsen mwenyewe alionyesha mwaka 1992 kwamba vitu vinavyokosekana ni vigumu kuviona mtu anapokagua michoro ya karatasi kuliko anapokagua mfumo unaofanya kazi. Mpango wa maneno matupu uko chini hata ya mchoro. Kwenye sentensi zetu nne, kanuni ya uthabiti au ya usanifu usio na mapambo ya ziada haina pa kushika. Mbili tu zinafaa zikigeuzwa maswali: anatokaje hapa akibadili mawazo, na akikosea anasaidiwaje kurudi? Zilizobaki zisubiri michoro.

Kupima kwa alama 0 hadi 10

Mnaorodhesha vipengele, tuseme mpangilio wa taarifa, hali, safari ya mtumiaji, lugha, simu ndogo na ufikivu (yaani hata mwenye ulemavu aweze kuitumia), na kila kimoja kinapewa alama. Mabosi wanaipenda kwa sababu inaingia kwenye slaidi moja. Haigundui mengi, inapanga yaliyogunduliwa. Na ina ugonjwa wake: saba. Mkaguzi asiyejua aseme nini anatoa 7, na hakuna anayegombana na 7.

Dawa ni sharti moja: hakuna alama bila sentensi inayoeleza 10 ingekuwaje. "Lugha: 4. Kumi ingekuwa: maneno ya vitufe na meseji zote yameandikwa kwenye mpango kwa Kiswahili, na urefu wa meseji umehesabiwa." Wapimaji wawe wawili, kila mmoja kivyake. Wakitofautiana kwa alama 3 au zaidi kwenye kipengele kimoja, basi wamesoma mipango miwili tofauti, na hapo ndipo pengo lilipo.

Hilo la urefu wa meseji lina uzito kuliko linavyoonekana. Meseji moja inabeba herufi 160 ikiwa zote ni za seti ya kawaida ya mitandao ya simu. Ikiingia hata alama moja ya nje ya seti hiyo, uwezo unashuka hadi 70, na zikiunganishwa kila kipande kinabeba 67. Kiswahili kina mtego wake hapa: ng'. Ukiandika Chang'ombe kwa alama iliyonyooka (') uko salama. Ukiinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia iliyoipinda yenyewe (’), meseji ya herufi 150 iliyokuwa moja inakuwa tatu, na gharama inapanda mara tatu kwa kila abiria aliyepandia Chang'ombe. Uamuzi unaotakiwa kwenye mpango ni mstari mmoja: mfumo ubadilishe alama zilizopinda kabla ya kutuma.

Kwenye ufikivu kuna namba za kushikilia, kwa hiyo alama zisitolewe kwa hisia. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, unataka uwiano wa utofauti kati ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake usiopungua 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, na toleo la 2.2 la mwaka 2023 linataka eneo la kubofya lisipungue piseli 24 kwa 24. Android inapendekeza 48 kwa 48 kwa kipimo chake cha dp, kisichobadilika kwa wingi wa piseli za skrini. Ramani ya siti za basi, nne kwa mstari na njia katikati, inatosha kwenye skrini ya upana wa dp 360. Ya siti tano kwa mstari inabana. Hilo linajulikana kwa kujumlisha tu, kabla ya kuchora chochote.

"Mradi umekufa"

Gary Klein aliieleza njia hii kwenye Harvard Business Review mwaka 2007. Mnajifanya kwamba miezi sita imepita na programu imeshindwa vibaya. Kila mtu anaandika kwa dakika kumi, kimyakimya, kwa nini imeshindwa. Kisha zinasomwa.

Faida yake ofisini kwetu ni huo ukimya wa kuandika. Mkubwa akisema kwanza, wadogo wanaitikia. Zikiandikwa kabla, karatasi ya karani wa tiketi inasikika sawa na ya mkurugenzi. Na karani ndiye ataandika kwamba mawakala wa stendi wanauza siti zilezile kwenye daftari, hivyo siti 14 itakuwa na abiria wawili siku ya kwanza. Hakuna jedwali la skrini linaloliona hilo. Waalike makarani na kondakta, maana timu ya programu peke yake itaandika kwamba seva zilizidiwa.

Inachotoa ni sababu, na sababu si uamuzi. Kila moja igeuzwe swali la "nani anaona nini": wakala akiuza kwenye daftari, programu inajuaje, na abiria wa programu anaambiwa nini akikuta siti ina mtu?

Akili mnemba

Ukiipa modeli ya lugha sentensi nne na kuiambia "kosoa", utapata ukurasa wa mambo yanayofaa programu yoyote duniani. Tatizo si uchache wa maswali. Itajaza mapengo kwa mazingira ya kwingine: risiti kwa barua pepe, malipo ya kadi, anwani yenye namba ya nyumba. Msomaji mchovu anayapitisha kwa sababu yameandikwa vizuri.

Ipe kwanza aya moja ya mazingira: abiria wanalipa kwa pesa za simu, wengine wana kitochi, saa zinahesabiwa kwa Kiswahili, bando linakwisha katikati ya kazi, mlipaji na msafiri wanaweza kuwa watu wawili. Kisha iambie itoe maswali tu, bila majibu, na kila swali linukuu sentensi ya mpango lilikotoka. Maswali yasiyo na nukuu yafute. Ifanye baada ya jedwali lako, uone ulichokikosa. Ukianza nayo utafuata orodha yake na kuacha kufikiri. Na usibandike orodha ya abiria wa kweli. Majina na namba za simu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023.

Karatasi na abiria wa kweli

Chora skrini nane kwa ukubwa wa simu, kwa mkono, kalamu nene. Nenda stendi wakati wa kusubiri, siyo robo saa kabla ya basi kuondoka. Mpe abiria kazi: "Mkatie ndugu yako tiketi ya kesho asubuhi ya Morogoro." Anabofya kwa kidole, wewe unabadilisha karatasi. Abiria watano wanatosha kwa mzunguko mmoja kama ni wa aina moja. Mawakala ni kundi lingine, wanahitaji wao.

Kila anapokuuliza swali, hilo ni pengo. Andika maneno yake yalivyo. Njia nyingine zote zinakisia imani ya mtu, hii pekee inaisikia: "Nikishalipa halafu basi lisije?" Jibu la swali hilo linatakiwa liwe kwenye skrini ya kabla ya kulipa, na kwenye mpango wetu halipo popote.

Kinachoiharibu ni adabu. Ukiuliza "unaionaje?", utaambiwa iko vizuri tu, hongereni. Usimwulize maoni. Mpe kazi, nyamaza, angalia kidole kinasita wapi. Na akikwama usimsaidie, hata akikuangalia usoni.

Sasa uchague ipi

Mpango ukiwa maneno tu na muda ni asubuhi moja: jedwali la hali kwa mistari ya pesa, kisha mfuateni mtumiaji mmoja mgumu. Njia hizo mbili zinakamilishana: moja inachimba ndani ya kila skrini, nyingine inafuata safari nzima. Michoro ikishakuwepo, kanuni kumi na wakaguzi watatu. Biashara ikiwa ngeni kwa timu, "mradi umekufa" itangulie vyote, maana mnaweza kujaza jedwali zuri la programu isiyouzika. Alama zitumike pale tu mnapolinganisha matoleo mawili ya mpango au mnaporipoti juu. Karatasi na abiria iwe lazima kwa chochote kinachochukua pesa ya mtu kabla hajapata huduma. Akili mnemba ni ya nyongeza kwenye yoyote kati ya hizo, na haichukui nafasi ya hata moja.

Mliyopata yaandikwe kwa namna inayoweza kufanyiwa kazi: swali, mahali lilipo kwenye mpango, kitakachotokea likiachwa, nani anaamua na kabla ya tarehe gani. "Tutaliangalia" siyo jibu. Ni pengo lilelile limepewa jina. Msanifu asiwe mwamuzi wa kila kitu: muda wa kushikilia siti ni wa mtu wa biashara, kurudisha pesa ni wa mhasibu pamoja naye.

Yapange kwa makundi matatu, na kipimo cha kundi la kwanza kiwe hiki: je, jibu linabadilisha muundo wa hifadhidata? Namba mbili za simu, ya mlipaji na ya msafiri, inabadilisha. Mji wa kuanzia unabadilisha. Hali ya "imelipwa, haijathibitishwa" inabadilisha. Hayo yaamuliwe kabla developa hajaandika mstari wa kwanza. Maneno ya meseji na sababu nne za malipo kushindikana yanaweza kuamuliwa kazi ikiendelea, ilimradi yawe tayari kabla ya majaribio. Rangi ya kitufe isubiri, bora tu itimize ile 4.5:1. Na mpango ukibadilishwa baadaye, msirudie ukaguzi mzima: fungueni jedwali, pitieni mistari iliyoguswa, pamoja na mstari wa meseji, kwa sababu huo huguswa na karibu kila badiliko na hakuna anayeukumbuka.